Gari Uliloahidiwa na Gari Litakalofika: Ratiba ya Magari ya Kukodi na Haki ya Mteja wa Karagwe na Kyerwa

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, familia nyingi hukodi gari mara chache sana, lakini kila mara hufanya hivyo kwa jambo lisilorudiwa: harusi, mazishi, safari ya mgonjwa, au mapokezi ya mgeni atokaye mbali. Gari la kukodi likichelewa kwa saa mbili siku ya soko, hasara yake huvumilika. Likichelewa kwa saa mbili siku ya ndoa, padri au mchungaji amekwisha kuanza ibada nyingine, chakula kimepoa, na michango ya ndugu na majirani imeliwa bila sherehe kukamilika. Nayo familia inayosubiri mwili wa mpendwa wao ufike kibanjani kwa maziko haiwezi kuambiwa irudi kesho.

Malalamiko ya namna hii kwa kawaida huelezwa kwa neno moja: udanganyifu. Ni kweli kwamba wapo wadanganyifu. Hata hivyo, magari mengi yasiyofika hayakosekani kwa sababu mwenye gari alikusudia kudhulumu. Hukosekana kwa sababu gari moja lilipangiwa kazi mbili, au kwa sababu kazi ya pili ilipangwa karibu mno na ya kwanza. Kwa hiyo mteja anayetaka kujilinda hana budi kufahamu jinsi mwenye magari anavyoyagawa. Somo hili linaeleza ugawaji huo kwa lugha ya kawaida, kisha linaonyesha maswali ya kuuliza, maneno ya kuandika katika mkataba, na mahali pa kwenda mambo yakiharibika.

1. Nafasi katika daftari si gari

Mteja anapopiga simu na kuambiwa, "Hakuna shida, gari lipo," huamini kwamba kuna gari fulani, lenye namba fulani, lililotengwa kwa ajili yake. Mara nyingi sivyo. Alichopata ni nafasi katika daftari. Mwenye magari ameandika, au amekumbuka tu kichwani, kwamba siku fulani anadaiwa Noah moja. Ni Noah ipi, ataamua baadaye, pengine usiku wa kuamkia safari.

Utaratibu huo wenyewe si kosa. Kampuni kubwa za kukodisha magari duniani humwekea mteja daraja la gari, si gari lenyewe, na huchagua gari siku ya kuchukuliwa. Faida yake ni kwamba gari moja likiharibika, jingine la daraja lilelile hushika nafasi yake bila mteja kudhurika. Lakini faida hiyo hupatikana pale tu ambapo magari ya daraja hilo ni mengi. Mwenye magari hamsini akipoteza moja, hubaki na arobaini na tisa. Mwenye Noah mbili akipoteza moja, amepoteza nusu ya uwezo wake. Wenye magari wengi wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Murongo wana magari machache, na wengine wana moja tu. Kwao ahadi ya daraja la gari bila gari lenyewe kutajwa ni ahadi nyepesi.

Hivyo kanuni ya kwanza ni hii: mahali penye magari machache, omba namba ya usajili ya gari, si aina yake tu.

2. Mfano wa Jumamosi moja

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye magari wa Kayanga ana magari manne: Noah mbili, Coaster moja na Land Cruiser moja. Kwa Jumamosi moja amepokea maombi matano:

(a) Noah ya kupokea wageni katika uwanja wa ndege wa Bukoba, kuondoka saa 12:00 asubuhi na kurejea Kayanga saa 7:00 mchana.
(b) Noah ya harusi Nyakaiga, kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 3:00 usiku.
(c) Noah ya kuwachukua wasimamizi wa harusi Omurushaka saa 7:30 mchana na kuwapeleka Kaisho, ambako ibada itaanza saa 9:30 alasiri.
(d) Coaster ya waombolezaji waendao Mabira, kuanzia saa 1:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni.
(e) Coaster ya wanakwaya kutoka Nyaishozi kuja Kayanga, kuanzia saa 8:00 mchana hadi saa 1:00 usiku.

Mgongano wa (d) na (e) unaonekana bila shida. Coaster ni moja, na saa za safari hizo zinaingiliana. Mwenye magari mwaminifu atamwambia mteja wa pili siku hiyohiyo kwamba nafasi haipo. Asiye mwaminifu atapokea fedha za wote wawili, akitumaini kwamba ataazima Coaster ya mwenzake.

Mgongano wa (a) na (c) umejificha, na huo ndio wa hatari zaidi. Noah moja imechukuliwa na harusi ya Nyakaiga siku nzima. Iliyobaki itakwenda Bukoba asubuhi na kurejea saa 7:00, kisha saa 7:30 iwe Omurushaka. Katika daftari, safari hizo mbili hazigongani. Kuna nusu saa katikati. Lakini nusu saa hiyo ndiyo ya kujaza mafuta, kuosha gari, kufunga mapambo, na kutoka Kayanga hadi Omurushaka. Yote imekwisha kutumika kabla siku haijaanza.

Sasa ndege ichelewe kwa saa moja tu, jambo ambalo mwenye magari hana uwezo nalo. Gari litarejea Kayanga saa 8:00. Litafika Omurushaka saa 8:30. Tukikadiria mwendo wa saa moja na nusu hadi Kaisho, wasimamizi watafika saa 10:00, ibada ikiwa imeanza nusu saa iliyopita. Hakuna aliyedanganya na hakuna gari lililoharibika. Hata hivyo mteja wa (c) amepata hasara, kwa sababu ratiba yake ilifungwa kwenye mkia wa ratiba ya mtu asiyemjua.

Mwenye magari ana sababu ya kupanga hivyo. Gari lililosimama haliingizi kitu, ilhali mkopo, bima, ada za leseni na mshahara wa dereva havisimami. Kwa hiyo humvuta nia ya kuunganisha safari, iishapo moja ianze nyingine, ili siku moja ilipiwe mara mbili. Maslahi ya mteja ni kinyume chake: anataka pawepo nafasi tupu kabla ya safari yake. Nafasi hiyo tuiite mwanya. Mwanya ni gharama kwa mwenye magari na ni usalama kwa mteja. Asipouomba mteja, hautawekwa.

Tunashauri kwamba, kwa shughuli isiyoweza kuahirishwa, mteja aulize: "Gari hili litatoka wapi kabla ya kuja kwangu, na litarejea saa ngapi?" Iwapo safari iliyotangulia ni ya barabara ya lami, mwanya usipungue saa mbili. Iwapo ni ya barabara ya udongo wakati wa mvua, au inategemea ndege, basi gari lisiwe na kazi nyingine asubuhi hiyo. Mwenye magari akidai nyongeza ya bei kwa ajili ya kulilaza gari, ombi lake si la ajabu; pimeni nyongeza hiyo na thamani ya shughuli yenu.

Katika mfano wetu, Land Cruiser ingeweza kubaki kama gari la akiba. Endapo mwenye magari angeliweka tayari hadi saa 8:00 mchana, mteja wa (c) angefika kwa wakati. Kwa hiyo swali la pili la msingi ni: "Gari hili likikwama, ni lipi litakalokuja badala yake, na liko kwa nani?"

3. Majira ya msongamano katika wilaya hizi

Hatari ya kupangiwa gari moja na watu wawili haiko sawa mwaka mzima. Mteja wa Karagwe na Kyerwa anafaa kujua majira matatu.

La kwanza ni kipindi kinachofuata Pasaka. Wilaya hizi zina waumini wengi wa Kanisa Katoliki, lenye Jimbo la Kayanga, na wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, lenye Dayosisi ya Karagwe. Kwa desturi harusi hupungua sana wakati wa Kwaresima, hivyo ndoa zilizosubiri kwa siku arobaini husongamana katika Jumamosi chache baada ya Pasaka. Bahati mbaya ni kwamba majuma hayo mara nyingi huangukia katika mvua za masika, za Machi hadi Mei. Lami ya kutoka Bukoba kupitia Kyaka hadi Kayanga haimwathiri sana msafiri, lakini barabara nyingi za vijijini katika wilaya zote mbili ni za changarawe na udongo. Mahitaji ya magari huwa juu wakati uleule ambao kila safari huchukua muda mrefu zaidi. Ratiba iliyotosha Februari haitoshi Aprili.

La pili ni msimu wa kahawa. Kuanzia karibu Mei hadi Septemba wakulima huvuna na kuuza kahawa kupitia vyama vyao vya msingi, na pikapu na malori hushughulika na magunia. Mwenye lori moja aliyeahidi kubeba viti, turubai na vyombo vya sherehe huweza kuvutwa na mzigo wa kahawa wenye malipo makubwa zaidi. Baada ya malipo ya kahawa kuwafikia wakulima, sherehe huongezeka, na magari ya abiria nayo huadimika.

La tatu ni Desemba. Wenyeji wanaoishi Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko hurejea nyumbani kwa Krismasi na Mwaka Mpya, na familia hutumia nafasi hiyo kufanya harusi, ubatizo na kuwatambulisha wachumba. Mgeni arejeaye hupenda kukodi gari kwa juma zima, ilhali mwenyeji hulihitaji kwa siku moja. Mshindani wa mwenyeji katika msimu huu si mwenyeji mwenzake, ni mgeni wa siku saba.

Mbali na majira hayo, wageni wa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizoanzishwa mwaka 2019, nao huhitaji magari yenye uwezo wa kupita njia mbovu, na kwa kawaida huyachukua kwa siku kadhaa mfululizo.

4. Kwa nini arbuni peke yake haikulindi

Wateja wengi huamini kwamba wakishalipa malipo ya awali, yaani arbuni, gari ni lao. Tulipime jambo hili kwa hesabu. Bei tunazotumia ni za mfano tu.

Kamati ya harusi imekodi Land Cruiser kwa Jumamosi moja kwa shilingi 120,000, na imelipa arbuni ya shilingi 40,000. Siku mbili kabla ya harusi anatokea mgeni anayetaka gari hilohilo kuanzia Ijumaa hadi Jumapili kwa shilingi 100,000 kwa siku, jumla shilingi 300,000. Mwenye gari akimchukua mgeni na kuiacha kamati, anapata shilingi 180,000 zaidi. Atarudisha arbuni ya shilingi 40,000, lakini fedha hizo hazikuwa zake. Ni za kamati. Kwa hiyo kuvunja ahadi hakumgharimu chochote. Na iwapo kamati ndiyo itakayoghairi, arbuni yake hupotea. Arbuni ya namna hii humfunga mteja na kumwacha mwenye gari huru.

Dawa ni kuandika mapema kile atakachobeba mwenye gari akishindwa kuleta gari kwa sababu ya uamuzi wake. Tuseme kamati italazimika kutafuta gari jingine Ijumaa jioni kwa shilingi 200,000. Tofauti ni shilingi 80,000. Mkataba ukisema kwamba mwenye gari atarudisha arbuni, atalipa tofauti hiyo, na atalipa fidia ya shilingi 100,000 kwa usumbufu, jumla ya mzigo wake inakuwa shilingi 180,000, sawasawa na faida aliyoitamani. Tamaa imekwisha bila ugomvi wala mahakama.

Sheria ya nchi inakubaliana na utaratibu huo. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, aliyevunja mkataba huwajibika kufidia hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwake, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba yaweza kutokea. Kwa sababu hiyo inafaa kuandika katika mkataba kwamba gari ni la harusi, mazishi au kupokea ndege, na saa ya shughuli, ili mwenye gari asije kusema kwamba hakujua. Kifungu cha 74 kinahusu mikataba iliyotaja kiasi cha fidia mapema: anayedai hupewa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kwa hiyo andikeni kiasi chenye uwiano na hasara, si cha kukomoa.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, abiria wa ndege anayeachwa kwa sababu shirika liliuza tiketi kupita viti ana viwango vya fidia vilivyowekwa na Kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Mteja wa gari la kukodi asifikiri kwamba ana jedwali kama hilo la kumtetea. Jedwali lake ni mkataba alioutia saini.

5. Mambo ya kuhakikisha kabla ya kulipa

Ratiba nzuri haimfai mteja iwapo gari lenyewe haliruhusiwi kufanya kazi hiyo. Likizuiwa njiani na askari wa usalama barabarani, ratiba imevunjika. Kabla ya kulipa, angalia haya:

Kibao cha namba. Gari lililosajiliwa kwa biashara huwa na kibao cheupe, na gari la matumizi binafsi huwa na kibao cha njano. Gari la njano likikodishwa kwa abiria, uliza maswali zaidi.

Leseni ya usafirishaji. Usafiri wa abiria wa kibiashara husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA upande wa nchi kavu. Basi dogo lililopewa leseni ya njia fulani halitakiwi kuiacha njia hiyo na kwenda safari ya kukodi bila ruhusa ya mamlaka. Muulize mwenye gari kama ruhusa hiyo ameipata. Asikuambie ataishughulikia asubuhi ya safari.

Bima. Bima ya kuwakinga watu wengine barabarani ni ya lazima kwa kila gari. Stika za bima sasa ni za kielektroniki, na uhalali wake waweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Angalia tarehe ya mwisho na aina ya matumizi. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likipata ajali likiwa limekodishwa, madai huweza kuleta mgogoro.

Idadi ya viti. Hesabu abiria wako kabla ya kuchagua gari. Kuweka watu kumi na mbili katika gari la viti nane kunahatarisha maisha yao, na pia huwapa askari sababu halali ya kulisimamisha gari.

Kuvuka mpaka. Wakazi wengi wa Murongo na Kyerwa wana ndugu upande wa Uganda. Gari la kukodi lisivushwe mpaka bila ruhusa ya maandishi ya mwenye gari na bima inayotambuliwa huko, kama vile Kadi ya Njano ya COMESA. Jambo hili liamuliwe siku ya kukodi, si mpakani.

Dereva. Uliza ni nani ataendesha, na usiku uliotangulia atakuwa wapi. Mwenye magari huweza kuwa na gari la ziada na akakosa dereva wa ziada. Dereva aliyerejea saa 9:00 usiku hafai kuondoka tena saa 12:00 asubuhi, hata kama gari ni zima.

6. Maneno ya kuweka katika mkataba

Mkataba wa mdomo unaweza kuwa halali, lakini ni mgumu kuuthibitisha. Karatasi moja yenye saini za pande mbili na shahidi mmoja inatosha. Iwe na mambo yafuatayo:

(1) Majina na namba za simu za mwenye gari na mteja. Ikiwa aliyepokea fedha ni dalali, jina la mwenye gari liandikwe pia, na mwenye gari athibitishe kwa simu mbele ya mashahidi.
(2) Aina ya gari, idadi ya viti, na namba ya usajili.
(3) Mahali na saa ya gari kufika, si saa ya kuondoka tu. Saa ya kufika iwe walau saa moja kabla ya kuhitajika.
(4) Shughuli yenyewe na saa yake.
(5) Njia, vituo na saa ya kurejesha gari. Nani analipa mafuta, posho na malazi ya dereva.
(6) Bei yote, kiasi kilicholipwa na kilichobaki.
(7) Gari la badala: liwe la daraja lilelile au la juu, bila nyongeza ya bei. Likiwa la daraja la chini, mteja awe na haki ya kulikataa na kurudishiwa fedha zake zote, au kulikubali kwa bei iliyopunguzwa.
(8) Fidia ya mwenye gari akishindwa, na fidia ya mteja akighairi au akichelewesha gari.

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki kwa kila malipo. Kuitoa ni wajibu wa mfanyabiashara, na kuidai ni wajibu wa mnunuzi. Ukilipa kwa simu, hifadhi ujumbe wa muamala.

Kisha hakikisha nafasi yako mara tatu: siku saba kabla, siku mbili kabla, na jioni ya kuamkia safari. Uhakikisho wa siku saba unakuachia muda wa kutafuta kwingine. Jioni ya mwisho usiulize, "Gari lipo?" Jibu la swali hilo daima ni ndiyo. Uliza, "Gari namba hii limelala wapi, na nani ana ufunguo?" Mwenye ratiba ya kweli atajibu mara moja. Asiye nayo atasita, na kusita huko ni taarifa.

7. Wajibu wa mteja

Haki hii ina upande wa pili. Mteja anayebaki na gari saa tatu zaidi kwa sababu sherehe imenoga, huichelewesha familia nyingine ambayo huenda ina mgonjwa wa kupeleka Nyakahanga au Bukoba. Vivyo hivyo kwa anayeongeza vituo njiani bila makubaliano, au anayemhimiza dereva akimbie ili kufidia uchelewaji wake. Sheria ya Usalama Barabarani inaweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilometa 80 kwa saa kwa magari ya abiria ya biashara. Ratiba inayowezekana tu kwa kuvunja vikomo hivyo haikupangwa vizuri, na ni heri kuirekebisha kabla ya safari.

Ukijua kwamba utachelewa, piga simu mapema. Taarifa ya saa mbili humwezesha mwenye magari kupanga upya. Taarifa ya dakika kumi haimsaidii yeyote.

8. Gari lisipofika

Kwanza okoa shughuli. Mtu mmoja wa kamati apewe kazi ya kutafuta gari jingine, na mwingine awasiliane na mwenye gari. Wa pili aandike saa ya kila simu na majibu aliyopewa, na atume ujumbe mfupi wa maandishi ili ubaki kama ushahidi. Hifadhi risiti ya gari la dharura, kwa kuwa ndiyo itakayoonyesha tofauti ya bei.

Baada ya shughuli, peleka dai la maandishi kwa mwenye gari ukitaja kiasi na siku ya mwisho ya kulipa. Asipojibu, malalamiko kuhusu leseni na huduma ya usafiri wa abiria yapelekwe LATRA, ambayo ina ofisi katika mikoa. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, LATRA CCC, hutetea maslahi ya watumiaji wa huduma hizo. Malalamiko kuhusu mwenendo wa kupotosha wateja yaweza kupelekwa Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Dai la fedha linalotokana na mkataba laweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nawe. Na ikiwa aliyepokea fedha hakuwa na gari tangu mwanzo, hilo si suala la ratiba. Ni jambo la kuripoti polisi.

9. Maswali ya majadiliano katika kikundi

Tunapendekeza somo hili lisomwe katika kamati za harusi, vikundi vya kuzikana, VICOBA na jumuiya, kisha wanakikundi wajadili:

Katika mfano wa sehemu ya pili, ni safari ipi mngeikataa kama daftari lingekuwa lenu, na mngemweleza nini mteja?

Kikundi chenu kina shughuli Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Mtaanza kutafuta gari lini, na mtataka mwanya wa saa ngapi?

Mwenye gari amekubali masharti yote ila sharti la fidia. Je, kukataa kwake kunawaambia nini kuhusu nafasi yenu katika daftari lake?

Swali hilo la mwisho ndilo kipimo kilicho rahisi kuliko vyote. Mwenye magari aliyepanga kweli hapati taabu kuahidi fidia kwa kosa ambalo hatarajii kulitenda. Aliyekupa nafasi ya matumaini ataikwepa kalamu. Ni bora kulijua hilo majuma matatu kabla, mkiwa mmeketi na kuna muda wa kutafuta gari jingine, kuliko kulijua asubuhi ya shughuli mkiwa mmesimama kando ya barabara ya Omurushaka, mmevaa nguo za sherehe.